Sifa za Fundi wa Projekta

Mtu akinunua projekta, cha kwanza anachotaka ni picha ijaze ukuta mzima. Fundi mzuri humwacha afurahi kidogo, kisha humuuliza: wewe utakaa wapi? Ni huyo mwenye kuuliza ninayemsifu hapa. Wabeba mashine tunao wengi.

Swali lake lina hesabu ndani. Jicho zima hutenganisha vitu viwili vilivyoachana kwa takribani sehemu ya 60 ya digrii. Ukiwa mita tatu kutoka ukutani, hiyo ni kama milimita 0.9. Chukua picha ya upana wa mita mbili yenye pikseli 1,920 kwa mlalo: kila pikseli ni milimita moja na ushee. Kaa mita tatu na nusu, huzioni. Sogea hadi mita mbili, kingo za herufi zinaanza kuota meno. Mwenye pikseli 3,840 ana haki ya kusogea namna hiyo; akibaki mita tano, faida yake kubwa ni ukubwa wa risiti. (Na maboksi ya projekta za bei poa yana lugha yao: kuandikwa kwamba inapokea 4K maana yake mashine inakubali kulishwa picha hiyo, si lazima iweze kuitoa.)

Halafu kuna mwanga, ambao hauongezeki eti kwa sababu ukuta ni mpana. Tanua picha mara mbili kwa upana na kimo, mwanga uleule utagawanywa kwenye eneo mara nne. Ni chai iliyoongezwa maji: kikombe kimejaa, rangi imekwenda. Wenye vibanda umiza wanalijua hili bila kufundishwa. Mechi ikiwa ya alasiri, jua likipenya kwenye matundu ya mabati, anayeijua kazi huziba kwa magunia na kuisogeza projekta mbele, picha ipungue lakini mpira uonekane. Usiku huirudisha nyuma. Wala hapendi kuiweka mshazari kisha abonyeze kitufe cha kunyoosha picha, kwa kuwa umbo likinyooka hivyo, baadhi ya pikseli huachwa gizani. Heri ahangaike na kigoda na vipande vya mbao.

Enzi za filamu ya milimita 35, mkanda mmoja ulikwenda kama dakika 20. Alama ndogo kwenye kona ya juu kulia ilimwambia opereta awashe mashine ya pili. Ya pili yake, sekunde chache baadaye, ikamwambia abadilishe. Lakini ninachowahusudu zaidi ni namna walivyokaza fokasi. Hawakuutazama uso wa mwigizaji, kwani huenda mpigapicha aliutia ukungu kwa makusudi. Walitafuta chembechembe za filamu yenyewe. Zikionekana kali, lenzi iko sawa, na lililobaki ni la aliyeipiga picha.

Mwaka 1953 filamu ya *The Robe* ilileta CinemaScope: picha ilibanwa kwenye mkanda uleule, kisha lenzi ya projekta ikaitanua ukumbini. Opereta akapata kazi ya ziada ya kuvuta mapazia meusi ya pembeni, yafungwe au yafunguliwe kulingana na umbo la kila filamu. Kumbi nyingi za leo zimeliacha hilo, nami naona ni uvivu unaouzwa kwa tiketi ya bei kamili: picha inaelea katikati ya mistari ya kijivu, watazamaji wakidhani ndivyo ilivyokusudiwa.

Nyumbani tiba yake ni ya dukani kwa muuza vitambaa. Mahameli nyeusi, upana wa kiganja, izungushwe kwenye ukingo wa picha. Haiongezi pikseli hata moja. Ila jicho hupima weupe kwa kulinganisha na kilicho jirani, na hapo picha ileile huonekana kali kuliko jana.