Turufu za Dhahabu

Mcheza karata wa Pwani anayetaja kopa, uru, pau na shupaza anataja, kwa Kireno kilichoswahilishwa, vikombe, dhahabu, magongo na panga. Alama hizohizo zimo kwenye karata za taroti za Visconti-Sforza, zilizotengenezwa katikati ya karne ya 15 kwa watawala wa Milano. Hata neno turufu ni la ukoo huo. Nazo karata hizo za Milano zilikuwa za kuchezea. Kuzipigia ramli kulikuja kushamiri Ufaransa karne ya 18.

Nyingi zinahesabiwa kuwa kazi ya Bonifacio Bembo wa Cremona na wenzake wa karakana. Msingi ni karatasi: tabaka juu ya tabaka, zikagandishwa kwa gundi mpaka zikawa kadi ngumu ya urefu wa sentimita 17 na ushei, upana usiotimia 9.

Kazi ya dhahabu, kama hii inayozipamba, ilielezwa na mchoraji Cennino Cennini katika kitabu chake cha ufundi. Kwanza unapakwa udongo mwekundu laini, uliosagwa na kuchanganywa na ute wa yai. Jani la dhahabu ni jepesi, pumzi tu hulipeperusha. Fundi analowesha udongo kwa maji, analisogeza jani akiwa amelibeba juu ya kipande cha kadi, analiacha liguse; unyevu unalivuta lenyewe. Kisha anangoja. Udongo ukiwa mbichi mno, jani huchubuka. Ukikauka mno, haling'ai. Wakati wake ukifika analisugua kwa jiwe laini au jino la mnyama, taratibu, mpaka dhahabu inang'aa hata inaonekana nyeusi.

Halafu nakshi. Kwa ncha butu ya chuma anabonyeza vishimo, kimoja baada ya kingine, vikifuatana kwenye mistari ya mshazari, bila kuchana jani. Rangi huja mwisho.

Turufu hazina namba wala majina. Mchezaji alizijua kwa sura. Sita kati yake, zikiwamo Nyota, Mwezi na Jua, zilichorwa na mkono mwingine, baadaye. Huyo naye namvulia kofia: kuingia katika kazi ya mwenzako bila kuiharibu si jambo dogo.

Zimebaki 74 kati ya 78. Shetani na Mnara hazimo. Ukijaliwa kufika Bergamo au New York zinakotunzwa, usizitazame kwa mbele tu. Sogea kando, mwanga uziangukie kwa upande, uvione vile vishimo.