Sifuri Isiyostahili Kwenye NOSIE

Mliokuwepo kwenye mafunzo mliona wenyewe. Muuguzi wa kwenye video amefika swali la 5 la NOSIE, fomu ya wauguzi ya kupima tabia za mgonjwa wodini, lile linalouliza kama mgonjwa hukaa tu mpaka ahimizwe. Mgonjwa wake yuko kwenye benchi, siku ya tatu hiyo, mikono mapajani, chai imepoa, nzi anatembea ukingoni mwa kikombe. Muuguzi anaandika 0. Alipoulizwa kwa nini, akajibu bila wasiwasi: "Akiambiwa ainuke, anainuka." Na ukumbi ukatikisa vichwa kukubali!

Hapana, jamani. Kutoinuka mpaka aambiwe ndiyo dalili yenyewe. Swali lile halipimi utii, linapima kama mtu anajianzishia jambo. Pale ilikuwa 4, wala si ya kubishaniwa. Kosa likazaa mengine: swali la 22, la kulala mpaka ahimizwe, 0, la 27, la uzito wa mwendo, 0. Maswali hayo matatu ndiyo kundi zima la uzito. Likafutika lote, jumla ikapanda, daktari akasoma nafuu. Na mgonjwa yuko kwenye haloperidol! Uzito ule ungeweza kuwa madhara ya dawa. Mtu alipaswa kumkunja kiwiko aone kama kimekaza. Hakuna aliyemgusa.

Makundi ya usafi na hasira yalipimwa sawasawa.

Nimelisema hili mpaka wengine mmenichoka: wodi zetu zinampenda mgonjwa asiyesumbua. Ripoti ya zamu ikishasema "ametulia, amekula, amelala", tunaagana. Watafiti Honigfeld na Klett walipotoa kipimo hiki Marekani mwaka 1965, walikikusudia kwa macho ya wauguzi wawili, kila mmoja akijaza kivyake. Ile 96 ya kuanzia hesabu ya jumla ni maswali 12 ya upande mbaya, mara alama 4, mara watu wawili. Kwenye video alijaza mmoja, mwenzake akaweka sahihi tu.

Mwananadharia wa uuguzi Peplau alishaandika tangu 1952 kwamba kiini cha uuguzi ni uhusiano wa muuguzi na mgonjwa. Wakongwe walionifundisha walicheza bao na wagonjwa wao, na asiyegusa kete mpaka aambiwe "zamu yako" walimjua mapema. Fomu hawakuwa nayo, lakini yule wasingempa 0.

Wenye video wairekodi upya kabla haijapelekwa wodi nyingine.