Ufupisho Si Kuokota Sentensi

Katika somo la ufupisho, kosa kubwa hufanyika kabla mwanafunzi hajaandika neno: pale mwalimu anapoagiza sentensi ya kwanza ya kila aya ipigiwe mstari, kisha sentensi hizo ziunganishwe. Agizo hilo hupendwa kwa kuwa hurahisisha usahihishaji. Ufupisho halifundishi.

Kipimo kizuri ni habari ya njia ya misafara, ambayo mwanafunzi wa Tabora anaishi juu yake. Chukua habari ya aya tatu. Ya kwanza huanza na msafiri Stanley, aliyekuwa akimtafuta Livingstone, kufika Unyanyembe, eneo la Tabora, Juni 1871, na huishia Waarabu wa Tabora wakishindwa vitani na mtawala wa Kinyamwezi Mirambo, aliyekuwa ameifunga njia ya Ujiji. Ya pili huanza na Stanley kuondoka Kwihara, karibu na Tabora, Septemba, kisha hueleza kwamba alishika njia ya kusini ili kumkwepa Mirambo. Ya tatu huanza na Stanley kumkuta Livingstone Ujiji mwezi Novemba.

Mwanafunzi mtiifu ataandika: Stanley alifika Unyanyembe; Stanley aliondoka Kwihara; Stanley alimkuta Livingstone. Mirambo, aliyeigeuza safari nzima, hayumo. Vituo vimebaki, sababu imetupwa. Tena si bahati mbaya: masimulizi ya safari hutanguliza kituo na siku, tukio lenye uzito likafuata baadaye. Kanuni ya sentensi ya kwanza hukusanya vituo na kuacha matukio.

Wazo kuu likitafutwa kwanza, ufupisho huwa hivi: Mwaka 1871 Mirambo alifunga njia ya Tabora kwenda Ujiji, hivyo Stanley akalazimika kuzungukia kusini kabla ya kumkuta Livingstone. Ni maneno 18. Neno “hivyo” ndilo linalobeba kazi, kwa sababu linafunga tukio na chanzo chake, na halipatikani kwa kupiga mistari. Hutoka kichwani mwa aliyeelewa.

Hatua nyingine za ufupisho, yaani kusoma mara mbili, kuondoa mifano na kuandika rasimu, hufundishwa vizuri katika shule nyingi.

Ugonjwa mwingine wa zamani ni hesabu ya maneno. Idadi ya maneno hutajwa mwanzo wa kipindi, na tangu hapo darasa huhesabu badala ya kusoma. Hesabu ni kazi ya rasimu ya mwisho; kuitanguliza ni kufundishia mtihani. Julius Nyerere, mwanafunzi wa Shule ya Tabora aliyerudi mjini humo kufundisha St. Mary's, alikwishaikosoa elimu inayotawaliwa na mtihani katika andiko lake Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967. Yeye mwenyewe aliweza kuieleza sera nzito kwa Kiswahili ambacho mkulima alikifuata bila mkalimani, na umahiri huo huanza kwa kujua kiini cha jambo. Madarasa mengi ya leo hayajamfikia.

Usahihishaji nao ubadilike. Ufupisho asomewe mwanafunzi ambaye hajaiona habari yenyewe, kisha aulizwe nini kilitokea na kwa nini. Akijibu yote mawili, ufupisho umefaulu. Akikwama kwenye “kwa nini”, urudiwe, hata kama idadi ya maneno imetimia.