Nukta Si Njia: juu ya posti zetu za "nimekumbuka Kasongo"

Kuna aina moja ya posti tunaipenda sana. Mtu yuko Kinshasa, Lubumbashi ao Bujumbura. Anatia picha ya barabara ya udongo mwekundu, anaandika "nimekumbuka kwetu", anaweka eneo: Kasongo. Siye wengine chini tunajaza mioyo. Picha ni nzuri, sikatai. Shida yangu ni ile nukta nyekundu.

Kwanza haishuhudii kitu. Facebook inakubali uandike mahali popote, hata kama umeketi Kintambo na hujafika Kabambare miaka sita. Na ukitafuta jina "Kasongo", unakutana na mizaha ya Wakenya, ju siku hizi wanamwita hivyo Rais wao William Ruto, kutokana na wimbo wa zamani wa Super Mazembe, bendi ya Wakongo waliokuwa wakipiga muziki Nairobi. Kasongo-Lunda nayo iko kule Kwango. Kasongo yetu unaifikia kidole kimechoka.

Hayo ni madogo. Kwetu mahali hapajawahi kuwa nukta, ni njia. Someni maisha ya Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, aliyekuwa na makao Kasongo. Aliyaandika kwa Kiswahili, Heinrich Brode akayachapa mwanzoni mwa miaka ya 1900. Mule hakuna namba za ramani, kuna siku za mwendo: mahali ni siku kadhaa kutoka mahali pengine, kwa mfalme fulani, na chakula kipo ao hakipo. Lakini naye ana ukimya wake. Anaisimulia njia kama mfanyabiashara. Waliobeba pembe na waliofungwa kamba hawapati nafasi ya kusema. Kumbukumbu tamu ya safari mara nyingi ni ya yule asiyebeba mzigo.

Njo maana posti moja ya Nyangwe ilinisumbua: jua linazama juu ya Lualaba, mioyo mitatu, "amani tupu". Tarehe 15 Julai 1871, kwenye soko la Nyangwe, watu wa wafanyabiashara walifyatua bunduki juu ya umati, wengi wao akina mama waliokuja kuuza. Livingstone alikuwapo, akaandika kwamba mamia walikufa, wengine ndani ya mto. Sidai kila picha iwe matanga. Nadai tu mwenye posti afute hilo neno "tupu".

Tuje kwa ya leo. Ile ya WhatsApp ya kuonyesha ulipo moja kwa moja, muda wake mrefu kabisa ni masaa 8. Mwenye kutoka Kasongo kwenda Kabambare juu ya moto wakati wa mvua anajua masaa 8 yanaweza kukwisha ungali kwenye mapotopoto, unasukuma. Na ukielekea Salamabila, karibu na mgodi wa dhahabu wa Namoya, upande ambako wenye silaha wameteka watu, kuonyesha grupu la watu 200 uko wapi sasa hivi si kukumbuka kwetu, ni kujitangaza. Hapo nakuwa mkali: zima eneo. Ndugu mmoja nyumbani akijua, inatosha. Picha zitiwe kesho, ukiisha kufika. Wale wanaosema "lakini kesho haina ladha" waulizwe ladha hiyo ni ya nani.

Na ukiposti, andika njia. Mulivuka wapi, mulilipa nini kwenye bariera, nani alisukuma kinga yenye mabidoni ya mawese, mulilala kwa nani, na yule mwenyeji alikula nini ninyi mulipokula kuku wake. Hayo hakuna simu itakayokujazia.

Posti bora niliyosoma mwaka huu haikuwa na eneo lolote, hata picha haikuwa nayo. Dada mmoja alihesabu vijito kutoka kwao mpaka shuleni. Kwenye kile cha nne, mama yake alikuwa anamshikilia viatu juu ya kichwa ili aingie darasani na viatu vikavu, kisha mama anarudi peke yake na maji mpaka kiunoni. Kijiji hakukitaja. Kwenye komenti, watu watatu wa Kabambare walikitambua.