Sikukuu kwa Tangazo

Oktoba 10 tumeibatiza mara ngapi? Ilikuwa Moi Dei, ikawa Huduma, kisha Utamaduni; tangu 2024 tunaambiwa ni Mazingira. Muulize makanga wa matatu leo ni siku gani, atakwambia, "Ni holidei tu, prof." Naam, mhakiki huyo kamaliza kazi! Kiswahili hutenga sikukuu na siku ya mapumziko: ya kwanza huadhimishwa, ya pili hulaliwa. Madaraka haihitaji mfafanuzi. Juni 1, 1963 wazee wetu walianza kujitawala. Serikali yaweza kutangaza mapumziko katika gazeti lake rasmi, ila haiwezi kutangaza fahari. Wahenga walisema jina jema hung'aa gizani. Haya yetu hung'aa hadi tangazo lijalo.