Mahali au Mahari? Uhakiki wa Meseji Moja

Sisi wanafunzi wa fasihi tumezoea kuhakiki riwaya, tamthiliya na ushairi. Leo naomba wasomaji wenzangu mniruhusu nihakiki matini yenye maneno sita tu. Haikuandikwa na mwandishi maarufu. Aliiandika baba yangu mdogo kwenye grupu la ukoo la WhatsApp, wakati wa maandalizi ya harusi ya dada yangu. Matini yenyewe ni hii:

"mahali imepatikana jumamosi njoni usagara tuione"

Hapana budi kwanza kueleza muktadha. Siku hizo tulikuwa tunasubiri mambo mawili: mahali pa kufanyia sherehe, na ng'ombe wa mahari kutoka upande wa bwana harusi. Karibu wote tulielewa kwamba ukumbi umepatikana Usagara, pale njia ya kwenda Kigongo inapochepuka. Shangazi, aliye Sengerema, akajibu: "Kaioneni tu, mimi nitaiona siku ya sherehe." Jumamosi Baba na wazee wawili wakaenda kukagua ukumbi, wakakuta ng'ombe uani kwa Bamdogo na wakwe wameshakaa. Mahari ikahesabiwa bila Shangazi. Kwetu shangazi si mgeni mwalikwa siku kama hiyo. Ni mwenye shughuli. Mpaka leo wanasalimiana kwa kupitia watu. Bamdogo anasema amedharauliwa, Shangazi anasema amefichwa.

Sasa, kosa ni la nani? Jibu la haraka ni lile tulilolizoea: "Ah, Wasukuma na l yao!" Ni kweli kwamba Kisukuma hakitofautishi l na r, na mtu huandika kama anavyotamka. Kila uchaguzi ukikaribia, utani wa "kura" na "kula" haukosekani. Lakini mhakiki hawezi kuishia kwenye kicheko. Tuisome tena matini.

Bamdogo aliandika "imepatikana", kisha akaandika "tuione". Mahari ni nomino ya ngeli ya i-zi: mahari imepatikana, tuione. Mahali ni ngeli ya pa: mahali pamepatikana, tupaone. Maana yake ni kwamba mzee huyu wa darasa la saba alikosea herufi moja tu, halafu sarufi yake ikatuambia ukweli mara mbili. Mashahidi wawili walisimama mbele yetu, na hatukuwasikia!

Hatukuwasikia kwa sababu sisi wenyewe tumekwisha kuwaharibu. Nilifungua meseji zangu za zamani nikajikuta nimeandika "mahali ni nzuri" na "mahali ile", mimi ninayesomea Kiswahili chuo kikuu. Ukizoea kuandika hivyo, "mahali imepatikana" haikushtui hata kidogo. Hata jibu la Shangazi lina kasoro hiyohiyo. Alikuwa na ukumbi kichwani, lakini aliandika "nitaiona" badala ya "nitauona". Bamdogo, ambaye kwake ile -i- ilikuwa ya mahari, akasoma kwamba dada yake hajali ng'ombe wa mtoto wao. Basi ugomvi ukaanzia hapo.

Hoja yangu ni kwamba katika Kiswahili tahajia na upatanisho wa kisarufi hulindana. Herufi ikiteleza, kiambishi huokoa maana. Tukivipoteza vyote viwili, msomaji habaki na kitu. Tukizungumza ana kwa ana tuna sauti, uso, na nafasi ya kuuliza "umesemaje?" Kwenye simu kuna maandishi tu, na mtu huona haya kuuliza mbele ya ukoo mzima.

Wapo watakaosema lugha hukua, na kwamba mradi ujumbe umefika inatosha. Watamtaja Euphrase Kezilahabi, mtoto wa Ukerewe, ambaye katika *Kichomi* (1974) aliacha vina na mizani, akashambuliwa sana na wanamapokeo. Ni kweli, lakini tusichanganye mambo. Kezilahabi aliacha arudhi akijua anachokiacha na kwa nini. Hakumwacha msomaji akibahatisha nani katenda na kipi kimetendwa. Wengine watasema tunafupisha. Zamani meseji moja ilikuwa na nafasi ya herufi 160, na kufupisha kulikuwa na sababu. "Vp" haina ubaya, kwa kuwa anayeandika na anayesoma wamekubaliana. Lakini "xaxa" ina herufi nne sawasawa na "sasa". Jamani, hapo tumeokoa nini?

Ieleweke kwamba sitetei kiburi cha usanifu. Kiswahili sanifu chenyewe ni mapatano. Kiunguja kilipendekezwa kuwa msingi wake katika mkutano wa Mombasa mwaka 1928, na Kamati ya Lugha ikaundwa mwaka 1930. Sisi wa huku ziwani hatukuzaliwa nacho, na anayekosea r si mjinga. Lakini ni kwa sababu hiyohiyo kwamba mapatano yanatufaa: yanamwezesha Msukuma wa Misungwi kuelewana na Mpemba bila kuonana. Kumcheka Bamdogo ni rahisi. Kazi ngumu ni kukiri kwamba wasomi ndio tuliobomoa ule upatanisho ambao yeye ameutunza.

Kwa hiyo wito wangu kwa wanafunzi wenzangu ni mdogo: kabla hujatuma, soma ulichoandika kama vile wewe ndiye Shangazi. Mimi mwenyewe nimemwandikia kumweleza habari ya i na pa. Niliirudia meseji ile mara tatu ndipo nikaituma. Alama zinaonyesha ameisoma, ila jibu bado.