Kupima Filamu Fupi ya Mapenzi na Sayansi

Filamu fupi, kwa kanuni za tuzo za Oscar, haizidi dakika 40, orodha ya majina ya walioitengeneza ikiwemo. Muda huo ni mdogo kwa bunilizi ya kisayansi yenye mapenzi ndani yake, kwani mtazamaji anatakiwa kuuzoea ulimwengu mgeni na papo hapo kuwaonea uchungu wapendanao aliowajua dakika chache tu. Filamu nyingi za aina hii huharibika kwa kueleza mitambo mno.

Kipimo kikubwa ni kuiondoa sayansi katika hadithi na kuangalia kinachobaki. Penzi likisimama vilevile, sayansi ilikuwa pambo. Katika La Jetée ya Mfaransa Chris Marker (1962), yenye dakika 28, Paris imeteketezwa na vita vya tatu vya dunia, na mfungwa anarudishwa katika wakati uliopita. Anachaguliwa kwa sababu sura ya mwanamke aliyemwona utotoni haijamtoka akilini. Bila safari hakuna penzi, na bila sura ile hakuna safari. I'm Here ya Mmarekani Spike Jonze (2010) nayo inafaulu: roboti Sheldon anampa mpenzi wake Francesca mkono, kisha mguu, mwishowe kiwiliwili. Binadamu angeishia kuahidi tu.

Gharama haipimi kitu. Kichwa cha Sheldon kinafanana na kasha la kompyuta ya zamani, na La Jetée karibu yote ni picha mnato. Mwanamke amelala, picha moja inayeyukia nyingine, milio ya ndege inazidi kupanda, kisha anafumbua macho na kupepesa. Ndiyo picha pekee inayotembea katika filamu nzima, nayo hudumu sekunde chache. Anayeperuza simu wakati huo ameikosa filamu.

Kwa hiyo utazamaji wa nyumbani una masharti yake. Kwa intaneti inayosuasua, mtu anaweza asijue kama picha imekwama au ni Marker aliyeigandisha; bora kupakua kwanza, pale inaporuhusiwa. Spika za masikioni zina faida kuliko kioo kikubwa, maana wanasayansi wa La Jetée hunong'ona kwa Kijerumani, na minong'ono hiyo hupotea katika spika ya simu. Maandishi ya tafsiri yakiwa ya mashine, yatafutwe mengine kabla ya kuilaumu filamu.

Mazungumzo hupimwa upesi: wapendanao wakianza kuelezana mambo ambayo wote wawili wanayajua, mwandishi ameshindwa kazi. Mwisho wa kushtukiza unahitaji kutazamwa mara mbili. Anayejua La Jetée inavyoishia hapotezi kitu akiirudia. Mwongozaji Terry Gilliam aliichukua hadithi hiyo akatengeneza 12 Monkeys (1995), ya zaidi ya saa mbili, lakini anayetaka kulizoeza jicho lake aanze na ile ya dakika 28.